Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kufyekea Nyasi na Uzi Unaojitoa Wenyewe

Safu ya toleo hili inashughulikia mashine za kufyekea nyasi zinazotumia uzi wa nailoni mahali pa kisu cha chuma, na hasa zile ambazo uzi wake hujitoa wenyewe kadiri unavyolika. Walioandika wana malalamiko tofauti: mmoja uzi hautoki, mwingine unatoka kupita kiasi, mwingine bado hajanunua na anataka kujua achague ipi. Nimeanza na swali la namna kichwa kinavyofanya kazi, kwa kuwa anayelielewa jibu lake ataweza kuyajibu mengi ya yanayofuata bila msaada wangu.

Swali. Ndugu Fundi, salamu. Mashine yangu ya umeme imeandikwa kuwa uzi wake hujitoa wenyewe. Nilipofungua kichwa sikuona waya wowote wala kifaa cha kupimia, isipokuwa bobini yenye uzi, kiwenzo kidogo cha plastiki na springi moja. Kichwa hicho kinajuaje kwamba uzi umefupika?

Jibu. Ndugu msomaji, hukuona kifaa cha kupimia kwa sababu hakimo. Kichwa hakijui lolote kuhusu uzi. Kinachofanya ni kuitikia mambo mawili ambayo hubadilika uzi unapofupika, nayo ni mvuto wa uzi wenyewe na kasi ya mzunguko.

Tuanze na mvuto. Mtoto akifunga jiwe kwenye kamba na kulizungusha, mkono wake husikia kamba ikivuta kuelekea nje, na mvuto huo hupungua akiifupisha kamba huku akizungusha kwa kasi ileile. Uzi wa mashine hauna jiwe, lakini uzito wake mdogo unatosha kwa sababu ya kasi kubwa. Chukua mashine ndogo ya umeme yenye uzi wa milimita 1.6, inayokata duara lenye kipenyo cha sentimita 30 na kuzunguka mara 9,000 kwa dakika. Ncha ya uzi huo husafiri takriban mita 140 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 500 kwa saa, na sehemu yote iliyo nje ya kichwa, ijapokuwa haifiki hata nusu gramu, huvuta kwa nguvu inayokaribia ile ya mzigo wa kilo mbili uliotundikwa. Uzi huohuo ukilika hadi ncha yake iwe sentimita 10 kutoka katikati ya kichwa badala ya 15, mvuto hushuka hadi chini ya nusu, kasi ikiwa haijabadilika.

Jambo la pili ni hewa. Uzi unaozunguka hupambana na hewa, na pambano hilo hula sehemu kubwa ya nguvu ya mota hata kabla jani moja halijaguswa. Kwa kasi ileile, ukinzani huo hufuata urefu wa uzi kwa kipeo cha nne au karibu yake, hivyo uzi ukipungua kwa sehemu moja ya tano tu, ukinzani hubaki takriban asilimia 40 ya ule wa awali. Mota iliyotuliwa mzigo kiasi hicho huongeza mizunguko, na ndiyo maana sauti yake hupanda na kuwa nyembamba mara uzi unapokatika.

Sasa tukirudi kwenye kiwenzo ulichokiona, kazi yake ni kuizuia bobini. Bobini ina meno, na kiwenzo hushika jino moja ili bobini izunguke pamoja na kichwa bila kujifungua. Katika aina moja ya vichwa, uzi unapotoka kwenye bobini hupita juu ya kiwenzo na kukivuta upande mmoja, wakati uzito wa kiwenzo chenyewe hukisukuma kwenda upande wa pili, kuelekea nje. Uzi ukiwa mrefu hushinda; ukifupika hushindwa, kiwenzo kikasogea, jino likaachiwa, na bobini ikajifungua kidogo kabla ya kushikwa tena. Ninauona mpango huu kuwa wa werevu mkubwa, kwa sababu kasi inapopanda au kushuka, mvuto wa uzi na msukumo wa kiwenzo hubadilika kwa kadiri moja, hivyo kinachobaki kuamua ni urefu wa uzi peke yake, iwe mota inakwenda kwa nguvu au imelemewa na majani mazito.

Aina ya pili, ambayo ni rahisi zaidi kutengeneza na hupatikana katika mashine nyingi ndogo, haijali urefu hata kidogo. Humo kiwenzo hupambana na springi. Kichwa kikifikia kasi yake ya kawaida, kiwenzo husukumwa nje na kushika jino kwa ncha moja. Mashine ikizimwa na kasi kushuka, springi hukirudisha na ncha ya pili hushika jino linalofuata. Kila kuzima na kuwasha hutoa kipande kifupi cha uzi, uwe unahitajika au hauhitajiki, na kinachozidi hukatwa na kijembe kilichofungwa ukingoni mwa kinga. Ili kujua unayo ipi, washa mashine ukiwa na uzi wa urefu kamili, izime, subiri isimame kabisa, kisha uiwashe tena. Ukisikia mlio wa tata-tata wa uzi ukigonga kijembe kwa muda mfupi kila unapowasha, unayo aina ya pili.

Swali. Fundi, mashine yangu inamaliza bobini nzima kabla sijafika hata nusu ya eneo ninalofyeka. Jirani yangu ana mashine kama hiyohiyo na uzi wake unadumu. Je, kichwa changu ni kibovu?

Jibu. Huenda kikawa kizima kabisa. Kwa maelezo uliyotoa kwamba unasikia uzi ukigonga kijembe kila unapowasha, mashine yako ni ya aina ya pili niliyoieleza hapo juu, na mashine hizo huadhibu mazoea ya kubonyeza na kuachia swichi kila baada ya hatua mbili. Anayefyeka mstari mzima kabla ya kuachia swichi, na anayeachia kila anapohamisha mguu, hawawezi kulingana kwa matumizi ya uzi, hata kama nyasi zao ni zilezile. Fyeka mfululizo, na unapotaka kutulia ili kutazama mbele, acha mota iendelee kwa sekunde chache badala ya kuizima, mradi hakuna mtu karibu.

Jambo lingine la kuangalia ni mahali unapoupeleka uzi. Nyasi laini humaliza uzi polepole mno; kinachoumaliza ni ukuta, mawe, wavu wa uzio na visiki. Uzi umekusudiwa kukata kwa ncha, sentimita mbili tatu za mwisho, ambako kasi ni kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Anayeusukuma ndani ya majani hadi kichwa kiyaguse hukata kwa sehemu ya uzi yenye kasi ndogo, hulemea mota, na husababisha uzi ukatike kwenye tundu lake badala ya kulika kwenye ncha. Kando ya ukuta, simama ili ncha ipite sambamba na ukuta bila kuupiga. Kando ya miti ni afadhali ung'oe kwa mkono, si kwa ajili ya uzi tu, bali kwa sababu nailoni inayokwenda kwa kasi hiyo huchuna gome, na mche mwembamba uliochunwa gome pande zote hukauka. Kumbuka pia kwamba uzi unaolika hauendi popote: vipande vyake vya plastiki hubaki udongoni, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoupoteza ovyo.

Ikiwa mlio wa kugonga kijembe hauishi, yaani unaendelea wakati wote mashine inapozunguka, hapo nitakubali kwamba kichwa kina kasoro. Ama meno ya bobini yamelika, ama kiwenzo kimevunjika ncha, ama springi haipo mahali pake, na bobini inajifungua bila kizuizi.

Swali. Mimi tatizo langu ni kinyume. Uzi ukikatika hautoki tena, na kila mara inanibidi nizime, nifungue kichwa na kuuvuta kwa mkono. Nimebadilisha bobini bila mafanikio. Nifanye nini?

Jibu. Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na chanzo chake mara nyingi si mtambo wa kujitoa bali ni jinsi uzi ulivyozungushwa kwenye bobini. Lakini kabla ya kuilaumu bobini, zingatia jambo moja linalotokana moja kwa moja na jibu la kwanza: kinachouvuta uzi kutoka ndani ni uzi ulioko nje. Kiwenzo huachia jino tu, hakisukumi kitu. Uzi ukikatikia kwenye tundu, hakuna kilichobaki nje cha kuvuta, na hata kiwenzo kikiachia mara mia, bobini haitasogea. Katika hali hiyo kuvuta kwa mkono si dalili ya ubovu. Chomoa waya wa umeme au ondoa betri kwanza, kisha uvute uzi hadi ufike kwenye kijembe. Uliouvuta nusu utakuwa mwepesi mno na utakurudisha palepale.

Kama uzi unakatikia kwenye tundu mara kwa mara, chunguza tundu lenyewe. Pete ya chuma iliyomo ikichakaa hupata ukali na kuukata uzi; isipokuwepo kabisa, uzi hukwangua plastiki na kuchimba mfereji unaoubana.

Tuje sasa kwenye uzungushaji. Juu ya bobini kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzungushia, na anayezungusha kinyume chake huunda bobini ambayo uzi wake hauwezi kutoka vizuri. Mizunguko ilale sambamba, mmoja kando ya mwingine, safu juu ya safu, ikiwa imekazwa kiasi bila kupishana. Mzunguko uliopita chini ya mwingine hubanwa zaidi kila uzi unapovutwa. Usijaze bobini hadi ukingoni, bali acha nafasi ya milimita chache, kwa sababu nailoni hutanuka kidogo inapopata joto na mizunguko ya juu huanza kukwaruza ukuta wa kichwa. Bobini zilizojazwa kiwandani huwa na mpangilio mzuri, nami humshauri anayeanza anunue moja ya namna hiyo ili aone kwa macho inavyopaswa kuwa.

Lipo pia tatizo la uzi kugandana. Mashine inapotetemeka, mizunguko iliyolegea husuguana ndani ya bobini, na joto la msuguano hulainisha nailoni hadi mizunguko miwili ishikane. Ukiifungua utaona alama nyeupe au uvimbe mahali iliposhikana. Sehemu hiyo ikatwe na kutupwa, kwani ukiibandua kwa nguvu hubaki na jeraha linalokatika baada ya muda mfupi. Uzi mkavu uliokaa kwa muda mrefu juani au katika stoo yenye joto nao hukatika ovyo. Nailoni hufyonza unyevu, na unyevu huo ndio unaoipa unyumbufu. Kwa hiyo uzi uliokakamaa hurudi katika hali nzuri ukilowekwa kwenye maji usiku kucha au siku nzima kabla ya kuzungushwa. Wapo wanaolidharau shauri hili kwa sababu linasikika kama uganga, lakini sababu yake imo katika nailoni yenyewe.

Mwisho, ikiwa mashine yako ni ya betri, au ya umeme unaopita kwenye waya mrefu na mwembamba wa kuunganishia, huenda kichwa hakifikii kasi inayotakiwa. Kiwenzo kinachopambana na springi huhitaji kasi fulani ili kisogee. Betri ikidhoofika, mashine itaendelea kukata nyasi laini huku ikishindwa kutoa uzi. Majani yaliyojisokota chini ya kichwa huleta matokeo hayohayo. Vilevile, unapozima ili uzi utoke, subiri kichwa kisimame kabisa kabla ya kuwasha. Wenye haraka huwasha kikiwa bado kinazunguka, springi haijapata nafasi ya kukirudisha kiwenzo, kisha husema mtambo umekufa.

Swali. Je, naweza kuweka uzi mnene zaidi ili nisibadilishe mara kwa mara? Na vipi kuhusu waya wa chuma?

Jibu. Kuhusu waya wa chuma jibu ni hapana. Nailoni ikikatika huwa kipande chepesi kinachopoteza kasi upesi hewani. Kipande cha chuma kinachoruka kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde ni risasi. Mwaka 2012 Tume ya Ulaya iliziagiza nchi wanachama kupiga marufuku uuzaji wa vichwa vya kufyekea vyenye vipande vya chuma vilivyounganishwa kama mnyororo, baada ya kifo kilichosababishwa na kiungo kilichochomoka. Kinga ya mashine yako haikutengenezwa kuzuia kitu cha namna hiyo.

Kuhusu uzi mnene, mashine isiyojitoa uzi inaweza kuvumilia tofauti ndogo, lakini inayojitoa haivumilii. Uzi wa milimita 2.4 una uzito wa mara 2.25 ya ule wa milimita 1.6 kwa urefu uleule, maana uzito hufuata mraba wa unene. Kwa kichwa cha aina ya kwanza, mvuto huo mkubwa ni sawa na kukiambia kiwenzo kwamba uzi bado ni mrefu, nacho hakitaachia hata umebaki kisiki. Juu ya hayo, hewa hukinza zaidi na mota hupata joto, tundu hubana, na bobini hubeba mita chache, hivyo hata lengo lako la kutobadilisha mara kwa mara halitimii. Unene unaotakiwa umeandikwa kwenye kijitabu cha mashine, na mara nyingi kwenye kichwa chenyewe. Nyuzi za pembe nne au za umbo la nyota hukata vizuri katika mashine za petroli zenye vichwa vikubwa, lakini katika kichwa kidogo kinachojitoa uzi pembe zake hushikana. Humo ningetumia uzi wa mviringo tu.

Kwa kuwa umetaja pia kwamba umeondoa kijembe ili "kisile uzi", kirudishe. Bila kijembe uzi hutoka kupita urefu uliokadiriwa, na kwa hesabu ya hewa niliyoitoa, uzi uliozidi kwa sehemu moja ya tano ungedai mota iushinde ukinzani unaokaribia mara mbili ya ule wa kawaida. Mota za umeme huungua kwa namna hiyo, na katika mashine za petroli inayoumia ni klachi.

Swali. Ninataka kununua. Nichukue inayojitoa uzi yenyewe, ya kugongesha chini, au ya uzi usiojitoa?

Jibu. Uzi umekuwa ukisumbua tangu mashine hizi zilipobuniwa. George Ballas wa Houston, Marekani, aliyeibuni mwaka 1971 baada ya kutazama brashi za nailoni za kuoshea magari, alianza kwa kupitisha uzi wa kuvulia samaki katika matundu ya kopo la bisi lililofungwa kwenye mashine ya kukatia kingo za bustani. Uzi uliofungwa namna hiyo ukikatika, hakuna budi kusimama na kufunga mwingine, na vichwa vingine vyote ni juhudi za kuukwepa usumbufu huo.

Kwa bustani ya nyumbani yenye nyasi laini, na kwa mtumiaji asiyetaka kugongesha mashine chini, inayojitoa yenyewe inatosha, nami ningeipendelea ile inayotoa uzi ikiwa inazunguka kuliko ile inayotoa kwa kuzima na kuwasha. Kwa anayefyeka kwa saa nyingi, au kwenye vichaka na kingo zenye mawe, ningechagua ya kugongesha: kitufe kilicho chini ya kichwa hugongwa ardhini mota ikiwa katika kasi, bobini huachiwa, na uzi hutoka pale tu unapoamua. Haina hesabu ya kukosea, ingawa kitufe chake hulika upesi kwa anayegongesha kwenye saruji. Vichwa vya uzi usiojitoa, ambamo hupachikwa vipande vilivyokwishakatwa, havina kitu cha kuharibika na vinawafaa wenye eneo dogo lenye magugu magumu, mradi wawe na subira. Siku hizi zimo pia mashine za betri zenye kitufe cha kutolea uzi kwenye mpini, na naziona kuwa suluhisho zuri, kwa kuwa uamuzi unabaki kwa mtu.

Swali. Springi ya kichwa iliruka nilipofungua kifuniko na sijaiona tena. Je, naweza kuweka ya kalamu?

Jibu. Hapana, ingawa naelewa kishawishi, kwa kuwa zinafanana kwa macho. Ugumu wa springi ndio unaoamua kiwenzo kisogee kwa kasi ipi: iliyo laini kupita kiasi haitakirudisha, iliyo ngumu itakizuia kutoka, na kwa hali zote mbili uzi utatoka ovyo au hautatoka kabisa. Springi huuzwa pamoja na kiwenzo katika vifurushi vya vipuri kwa jina na namba ya mashine yako, kwa hiyo nenda na namba hiyo. Safari ijayo ukifungua, chomoa umeme, lalisha kichwa juu ya kitambaa kipana, na uminye kifuniko kwa kiganja kizima unapoachia vishikizo vyake.